Viatu vya Shaba vya Mzee Hostetter

Portsmouth, Ohio
6 Machi 1983

Bwana Wojtas,

Salamu kutoka kwa mtu usiyemjua. Naitwa Arlene Hostetter, ni mkutubi wa shule hapa Portsmouth. Jina lako nimelipata kwenye lile jarida dogo la wakusanyaji wa vishikiza vitabu, zile jozi za kukingia vitabu pande mbili visianguke rafuni, ambalo marehemu baba yangu, Clyde Hostetter, alilisoma kwa bidii kuliko alivyosoma Biblia. Uliandika humo kwamba umefanya kazi ya kuvisha vitu madini kwa umeme miaka arobaini na moja, na kwamba ukipewa kipande chochote umefumba macho utasema ni madini gani. Sijui kama ni kweli au ulikuwa unajigamba, lakini sina mwingine wa kumwuliza.

Baba alifariki Novemba. Ameacha jozi thelathini na moja za vishikiza: simba, mbwa wa kuwinda, mabaharia, mwanamke anayesoma huku amelala, na tembo wawili wasiofanana masikio. Maktaba ya mji imeniomba nivipange kwenye kabati la kioo mwezi Mei kwa kumbukumbu yake, na kila jozi iwe na kadi inayosema imetengenezwa kwa nini. Hapo ndipo nilipokwama. Kwa Baba kila kitu kilikuwa bronzi, ile shaba ya masanamu. Ukimwuliza simba ni nini, bronzi. Mbwa? Bronzi. Mama alikuwa akimtania kwamba siku moja atasema hata mkate wa mahindi ni bronzi.

Nifanyeje nijue? Orodha kamili nimeiambatisha. Jozi ya mwisho usihangaike nayo, ni viatu vyangu vya utotoni vilivyovishwa shaba kama watu wengi walivyofanya zamani. Nitaiweka kwenye maonyesho kwa kuchekesha tu.

Wako,
Arlene Hostetter


Meriden, Connecticut
14 Machi 1983

Bibi Hostetter,

Nilikuwa najigamba. Lakini si sana.

Pole kwa msiba. Baba yako aliwahi kuniandikia mara mbili, barua fupi zenye maswali marefu. Nilimpenda bila kumwona.

Sasa sikiliza. Chukua sumaku ya jikoni, hizo za kubandika karatasi kwenye friji. Ikinasa, hicho ni chuma cha kumimina kwenye kalibu, hata kiwe kimepakwa rangi ya dhahabu namna gani. Andika "chuma" kwenye kadi na usibishane na mtu. Isiponasa, kigeuze, ubandue ukingo wa kile kitambaa kizito kilichobandikwa chini, halafu usugue kwa tupa ndogo mahali ambapo hapataonekana. Ukiona rangi ya njano yenye wekundu, na inaendelea kuwa hivyo kadiri unavyosugua, shangilia, ni bronzi. Ukiona kijivu cheupe, laini, ni zinki iliyovishwa ngozi ya shaba. Ukiona mstari mwekundu mwembamba kama uzi, halafu unga mweupe unamwagika, kaa chini kwanza. Hiyo ni plasta, lipu nyeupe ya masanamu, iliyovishwa shaba kwa umeme. Viwanda vizuri vilifanya hivyo, si utapeli, ila watu huumia roho.

Gonga pia kwa kucha. Bronzi huitika kama kengele. Zinki hukujibu kama mtu asiyetaka kuamshwa.

Nitumie picha za zote, hata za viatu. Viatu nimevivisha mimi mwenyewe maelfu. Kinamama walikuwa wakituletea vikiwa bado na matope.

Niite Cas.
Casimir Wojtas


Portsmouth, Ohio
27 Machi 1983

Bwana Cas,

Simba ni plasta!

Nimekaa chini kama ulivyoniambia, lakini nilikaa baada ya kusugua, si kabla, na unga wote ukamwagikia sketi yangu ya kanisani. Huyu simba Baba alimpangusa kila Jumamosi kwa miaka thelathini. Kuna mwaka nyumba ya jirani ilishika moto, Baba akatoka nje kamkumbatia simba, Mama akabaki anatafuta viatu vyake mwenyewe. Plasta, Bwana Cas. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena.

Matokeo mengine: chuma jozi kumi na saba, zinki tisa, plasta tatu pamoja na huyo simba. Bronzi ya kweli ni jozi moja tu, wale mabaharia wabaya ambao Baba alikuwa akiwaficha nyuma ya pazia.

Viatu sikuvisugua, nilivionea huruma. Sumaku hainasi. Picha zote zimo kwenye bahasha hii.

Wako,
Arlene


Meriden, Connecticut
4 Aprili 1983

Bibi Arlene,

Kadi zako ziko sawa isipokuwa tembo, wale si jozi, ni wajane wawili waliokutanishwa uzeeni.

Lakini leo sikuandikii habari za tembo. Nilitazama picha ya viatu vyako kwa kioo cha kukuzia, nikaitazama tena. Mwishowe nilivua viatu vyangu nikaviweka mezani kando ya picha ili nisijidanganye. Binti yangu akaingia. "Baba, viatu juu ya meza ya chakula?" Nikamwambia, "Njoo uniambie, hiki cha pichani ni cha mguu gani?" Akasema, "Kushoto." "Na hiki?" Akakitazama muda mrefu. "Na hiki pia ni kushoto," akasema.

Vyote viwili ni vya mguu wa kushoto, Bibi Arlene. Uliwezaje kuishi navyo miaka yote usione? Lakini nami ningeishi navyo nisione. Mtu hatazami kitu alichokizoea.

Usishtuke bado. Kuna sababu nyepesi. Viwanda vingine vya bei rahisi havikuvisha kiatu chenyewe. Walitengeneza kalibu moja ya kiatu, wakamimina zinki, wakatoa viatu mia vya kushoto, wakaviuza viwili viwili kama mapambo. Huenda baba yako alinunua tu dukani akakwambia ni vyako ili ufurahi. Kama ni hivyo, mikunjo yote itafanana, kila uzi na kila tundu la kamba, kwa kuwa vimetoka kalibu moja. Na ukisugua chini utaona kijivu.

Lakini kama mikunjo haifanani, na ndani kuna ngozi, basi hivyo ni viatu viwili vilivyovaliwa.

Sugua, halafu uniandikie.

Cas


Portsmouth, Ohio
9 Aprili 1983

Mama mpendwa,

Natumaini hewa ya Florida inakupendeza na kwamba wewe na Shangazi Fern hamjagombana bado. Nina swali dogo. Vile viatu vyangu vya shaba, Baba alivinunua dukani au ni vyangu kweli? Kuna mtaalamu anasema vyote ni vya mguu wa kushoto. Nimevitazama, na ni kweli. Nahitaji kujua niandike nini kwenye kadi.

Nakupenda,
Arlene


Lakeland, Florida
15 Aprili 1983

Arlene,

Hewa ni nzuri. Fern anapika kila kitu kwa machungwa, hata kuku.

Viatu ni vyako. Mtoto ana miguu miwili na viatu viwili, ulitaka vitatu? Huyo mtaalamu wako hana kazi ya kufanya? Pengine fundi alichanganya na vya mtoto wa watu wengine. Baba yako hakuwa na jicho la mambo hayo.

Usiviweke kwenye maonyesho. Visitoke nyumbani. Na usivipeleke kwa watu.

Mama


Portsmouth, Ohio
21 Aprili 1983

Bwana Cas,

Mikunjo haifanani hata kidogo. Kiatu kimoja kimelika kisigino upande wa ndani, kingine kimelika ncha ya kidole gumba kama vile mtoto alikuwa akijiburuza. Kwenye mshono mmoja ngozi ya shaba imepasuka, nikaingiza sindano. Ndani kuna ngozi halisi, nyeusi, kavu kama biskuti.

Mama anasema fundi alichanganya. Ningemwamini. Lakini akaandika pia nisivipeleke kwa watu, na mama yangu hajawahi kunikataza kitu bila kuniambia sababu mara tatu. Nikakaa na barua yake siku nzima. Kisha nikavifunga kwa gazeti na blanketi, na leo nimevituma kwako kwa posta. Vifungue. Nakupa ruhusa ya kukata popote.

Naogopa, na sijui naogopa nini.

Arlene


Meriden, Connecticut
30 Aprili 1983

Bibi Arlene,

Nitakueleza kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikimweleza mwanagenzi, kwa sababu nikifuata moyo wangu barua hii haitasomeka.

Kiatu cha kuvishwa husafishwa kwanza, kikajazwa plasta ndani kisilegee, kikapakwa vanishi, halafu unga mweusi kama ule wa penseli ili umeme upite. Kisha hutundikwa kwa waya kwenye pipa la maji ya buluu yenye shaba, mchana kutwa na zaidi, shaba ikijijenga juu yake kidogo kidogo. Waya huacha kovu. Kila karakana ilikuwa na mahali pake pa kutundikia. Viatu vyako vyote viwili vina kovu chini ya kisigino, upande uleule, limepigwa tupa na mkono uleule. Nilipima unene wa shaba mahali paliposhonwa, nikapata sawasawa. Rangi ya kahawia iliyopakwa juu ni ya chungu kimoja. Kwa hiyo fundi hakuchanganya na vya wateja wengine, na havikuletwa miaka tofauti. Viliingia kwenye pipa siku moja, bega kwa bega.

Namba ya saizi bado inasomeka kwenye soli zote mbili. Ni ileile.

Ili nizione soli hizo ilibidi nifungue skrubu zinazoshika viatu kwenye vibao vyake. Chini ya kila kiatu kulikuwa na kipande cha bati cha oda, kilichogongwa kwa nyundo. Sisi pia tulikuwa tukifanya hivyo ili kazi zisipotee. Cha kwanza kimeandikwa:

618, HOSTETTER, 1 ya 4.

Na cha pili:

618, HOSTETTER, 3 ya 4.

Niliweka bisibisi chini. Miaka arobaini na moja nimekaa na madini, na bado nilivisoma vipande vile mara nne.

Oda ilikuwa na viatu vinne, Bibi Arlene. Viwili vya kushoto viko kwangu mezani. Viwili vya kulia viko mahali pengine. Saizi moja, siku moja, miguu miwili tofauti ya kushoto. Wewe ni mtu mzima, sina haja ya kukumalizia hesabu.

Nisamehe. Uliniuliza habari za kadi.

Ukiniruhusu, nitaweka tangazo kwenye toleo lijalo la jarida: nani ana vishikiza vya viatu vya watoto, vyote vya mguu wa kulia, vyenye bati namba 618? Nisipopata neno lako sitaweka.

Cas


Portsmouth, Ohio
5 Mei 1983

Bwana Cas,

Weka.

Arlene


Portsmouth, Ohio
5 Mei 1983

Mama,

Viatu vilikuwa vinne. Jina letu limegongwa kwenye bati chini yake. Usiniambie habari za fundi wala za machungwa.

Nilikuwa na nani?

Arlene


Lakeland, Florida
17 Mei 1983

Arlene mwanangu,

Barua yako imekaa kwenye mkoba wangu wiki nzima. Fern ananiuliza kama ninaumwa.

Anaitwa Eileen. Mlizaliwa siku moja, tarehe tisa Oktoba mwaka thelathini na tano, wewe ukitangulia kwa dakika ishirini.

Mto Ohio ulipofurika Januari ya thelathini na saba, maji yaliingia hadi ghorofa ya juu. Tulitolewa kwa mtumbwi kupitia dirishani. Nilikaa na nguo mbichi siku mbili, na baada ya hapo kikohozi hakikuniacha, kikaanza kuja na damu. Daktari akasema ni kifua kikuu, niende sanatoria, hospitali ya wagonjwa hao, mwaka mzima, labda zaidi, na watoto wasikae nami. Kiwanda cha viatu alichofanyia kazi baba yako kilikuwa kimejaa tope. Bibi yako alikuwa na miguu mibovu. Akasema, "Opal, mmoja namweza. Wawili nitawaua."

Msimamizi wa baba yako kiwandani, Bwana Vandiver, alikuwa anahamia Oklahoma na mkewe. Hawakuwa na mtoto. Wakasema watamlea mmoja mpaka nipone. Nilipona baada ya miezi ishirini na mbili. Nikaandika kwamba naja kumchukua. Jibu lililorudi lilikuwa karatasi ya mahakama, na kumbe chini yake kulikuwa na sahihi yangu mwenyewe, niliyoweka nikiwa kitandani na homa bila kusoma. Sikuandika tena. Baba yako alitaka kwenda. Nikamwambia, "Ukienda ukamtoa mtoto kwa watu anaowaita baba na mama, utakuwa umemfanyia yaleyale mara ya pili." Sijui kama nilikuwa sahihi. Nimelifikiria jambo hilo kila siku ya Mungu.

Akina Vandiver walimnunulia Eileen viatu vipya vya safari, kwa hiyo vya zamani vilibaki. Baba yako alivichukua vyote vinne akaenda navyo Cincinnati. Aliporudi vilikuwa vya shaba. Vya kushoto akabaki navyo, vya kulia akavituma Oklahoma. Alisema kila nyumba iwe na wote wawili.

Nilimkataza kulitaja jina lile mbele yako. Lakini viatu vilikuwa pale juu ya kabati, viwili peke yake, na kila mgeni aliyeingia alivishika. Nikamwambia avitoe. Hakuvitoa. Siku iliyofuata alirudi na mbwa wa chuma, jozi, akawaweka kando ya viatu. Halafu wale mabaharia. Halafu simba. Watu wakaanza kusema, Clyde anapenda vishikiza. Arlene, baba yako hakupenda vishikiza. Alikusanya jozi thelathini ili ile moja isionekane.

Kuna jambo lingine ambalo siwezi kuliandika. Njoo.

Mama yako


Meriden, Connecticut
8 Juni 1983

Arlene,

Barua iliyomo humu imenifikia leo saa nne asubuhi. Nimeisoma mstari wa kwanza nikaacha, si yangu. Sijala tangu hapo. Nipe habari ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Cas


Enid, Oklahoma
3 Juni 1983

Kwa mwenye tangazo,

Sijui naandika kwa nani, kwa hiyo naomba radhi nikikosea adabu. Mimi ni Joyce Vandiver Ames. Nina duka la maua hapa Enid, nina watoto watatu wakubwa, na sijawahi kukusanya kishikiza chochote maishani mwangu. Ni jirani yangu ndiye hupokea hilo jarida. Jumanne alikuja dukani analicheka. "Joyce, sikia hii, kuna mtu anatafuta viatu vya mguu wa kulia, vyote viwili. Si ulivyonavyo wewe kwenye rafu ya vitabu vya mapishi?"

Nami nikacheka. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniambia kwamba vile ni vyangu vya jozi mbili tofauti, na vya kushoto vilipotea wakati wa kuhama. Nimewaambia hivyo watoto wangu. Nikaenda nyumbani nikachukua bisibisi ya mume wangu ili nimthibitishie jirani kwamba havihusiani.

2 ya 4. Na 4 ya 4.

Na jina si Vandiver.

Nilikaa sakafuni jikoni. Mume wangu alirudi kazini akanikuta palepale, akadhani nimeanguka. Akaniuliza, "Umeumia wapi?" Nikamwonyesha bati. Akasema, "Hostetter ni nani?" Nikasema, "Nadhani ni mimi."

Wazazi wangu walinipenda, hilo nataka ulijue mapema, sitaki mtu awaseme vibaya. Lakini wote wamekufa na hakuna wa kumgombeza. Jana nilipanda darini nikafungua sanduku la mama. Kuna cheti cha mahakama. Kuna picha ya watoto wawili wamekaa kwenye beseni la kufulia, na uso wangu upo mara mbili.

Nimekuwa nikiitazama picha hiyo kwa saa nyingi na siwezi kujua mimi ni yupi.

Kama uko hai, wewe wa kushoto, niandikie. Kama mama aliyetuzaa yuko hai, niambie pia. Sitaki kitu kwake. Nina swali moja tu, na nikijibiwa nitanyamaza. Tulikuwa wawili, saizi moja, sura moja. Walichaguaje? Ni kitu gani walikiona kwangu wakasema, huyu ndiye wa kutoa?

Joyce


Lakeland, Florida
21 Juni 1983

Joyce,

Niko hai. Naitwa Arlene. Nimeanza barua hii mara sita, na kila mara naandika "dada yangu" kisha naichana, kwa sababu sijui kama nina haki ya kulitumia neno hilo kabla hujasoma yaliyomo. Soma mpaka mwisho ndipo uamue utaniita nini.

Mama yuko hai. Anaitwa Opal, ana miaka sabini na mbili, na niko naye hapa sasa; yeye bado anakuita Eileen, jina ulilozaliwa nalo. Barua aliyoniandikia kuhusu mafuriko na sanatoria nimeinakili yote, utaikuta nyuma ya hii. Lakini swali lako halimo. Alisema kuna jambo hawezi kuliandika, kwa hiyo nilipanda ndege, na barua yako ikiwa mfukoni.

Nilimsomea swali lako mezani, tukiwa tumekaa wawili. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakunja kitambaa cha mezani, akakikunjua.

"Anadhani tulimchagua yeye," akasema.

"Hamkumchagua?"

"Hapana."

"Basi ilikuwaje, Mama? Mlipiga kura?"

"Mama Vandiver ndiye aliyechagua," akasema. "Alikuja mara tatu kuwaangalia. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akimchekea kila mtu, akamnyooshea mikono. Akasema, namtaka huyu. Nikamshonea koti jekundu la safari. Asubuhi ya treni mtoto akaamka anawaka moto, masikio, homa kali. Bibi yako akasema huyu hasafiri, atafia njiani. Na treni haingoji. Mama Vandiver amesimama mlangoni na kofia yake, analia. Mimi ninakohoa. Basi nikamvua yule koti, nikamvisha mwenzake. Akanitazama tu, hakulia. Mama Vandiver akampokea, akasema, 'Huyu naye ni mzuri.'"

Nikamwuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua, "Aliyekuwa na homa ni nani?"

Mama akasema, "Koti lilikuwa lako, Arlene."

Joyce, hawakuona kitu kwako. Hakuna aliyekutazama akasema huyu ndiye wa kutoa. Walinichagua mimi. Nyumba niliyokulia, baba aliyenifundisha baiskeli, mama huyu anayekunja vitambaa, vyote vilikuwa vimeshapangwa kuwa vyako, na mimi nilivipata kwa sababu ya sikio bovu. Nimekaa na jambo hili siku tano. Nikitembea nahisi nimevaa nguo ya mtu. Ukinikasirikia nitakuelewa, na ukitaka nisikuandikie tena utanielewesha kwa kutonijibu. Lakini sikutaka kukuficha hata siku moja. Nyumbani kwetu tumeficha vya kutosha.

Baba hayuko tena. Aliitwa Clyde. Alikuwa na masikio makubwa na alipenda kuimba akiwa anakarabati kitu. Kuna mengi ya kukwambia kuhusu yeye, na yote ni yako pia.

Kwenye picha ya beseni, Mama anasema wewe ni yule anayetazama kamera. Mimi ndiye niliyekushika sikio.

Tumekata tikiti za kuja Enid, Ijumaa, tunafika saa nane mchana; barua hii naituma kwa posta ya haraka ikufikie kesho. Ukisema hapana kabla ya hapo, piga simu kwa Shangazi Fern, tunakokaa, namba iko nyuma ya bahasha, nami nitazirudisha bila neno. Mama alisema atakuja, halafu akasema haji, hana uso wa kukutazama. Leo ni Jumanne. Asubuhi hii nimeamka nikamkuta sebuleni, ameketi wima kwenye kiti karibu na mlango, amevaa kofia ya kanisani na viatu vya kutokea, mkoba mapajani.

Nikamwambia, "Mama, safari ni Ijumaa."

Akasema, "Najua. Sitaki tena treni inikute sijawa tayari."

Arlene